Kwa nini kindi wangu huwa mgumu hata nikimchemsha?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mume wangu na kaka yake huwinda kwa kibali, na mara kwa mara hurudi na kindi, sungura wa porini au njiwa pori. Mpishi ni mimi. Kindi wa kwanza nilimchemsha dakika 40, muda ule ule ninaompa kuku, akatoka mgumu hata watoto wakamrudisha sahanini. Wa pili nikamloweka kwenye siki usiku kucha, kisha nikamkaanga. Nje akawa anamung'unyika, ndani mgumu vile vile, na harufu haikutoka. Sungura naye mgongo unakauka kabla mapaja hayajaiva. Nakosea wapi? Na je, nyama hii ni salama kwa watoto?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na zile dakika 40, maana ndizo zilizokuponza. Kindi hana dakika 40. Akiwa kinda anaiva kikaangoni kwa dakika 20 hivi. Akiwa amekomaa anataka saa 1 na nusu mpaka 2 na nusu kwenye moto wa chini. Katikati ya hapo ndipo nyama inapokuwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote, na wewe ulimwepua papo hapo.

Sababu yake ni hii. Nyama ina misuli, na ina utando unaoifunga misuli hiyo na kuishikiza kwenye mfupa. Utando huo umejengwa kwa protini inayoitwa kolajeni. Ikifika nyuzijoto 60 hivi kolajeni husinyaa na kuibana misuli, maji yakakamuliwa yote yakaishia kwenye supu. Ikipita 70 inaanza kuyeyuka na kuwa ule ute unaogandisha supu ikipoa, lakini inayeyuka taratibu mno, ni kazi ya saa na si ya dakika. Kwa hiyo ulipofunua sufuria, maji ya nyama yalikuwa yameshatoka na kolajeni ndiyo kwanza inaanza kulegea. Ungemwacha saa nyingine nzima, watoto wasingerudisha kitu.

Kuku wa kisasa hakufundishi lolote hapa. Yule huchinjwa akiwa na wiki chache tu, amekaa bandani hajui kukimbia, kolajeni yake changa inayeyuka upesi. Kindi anaweza kuwa na miaka 3 au zaidi, na kila siku ya maisha yake ameruka na kupanda. Tena hana mafuta ya kumsitiri: katika gramu 100 za nyama yake mbichi mna gramu 21 hivi za protini na gramu 3 tu za mafuta. Sungura wa porini ana mafuta machache hata kuliko hayo. Nyama kavu namna hii haikusamehe ukikosea muda.

Sasa utajuaje kama uliyeletewa ni kinda au mzee? Muulize aliyemchuna. Ngozi ya kinda inavuka kwa urahisi. Ya mzee inang'ang'ania, mtu anavuta mpaka anatoka jasho. Kama bado ana masikio, yakunje: ya sungura mchanga ni membamba na hupasuka kirahisi, ya mkubwa ni magumu na mara nyingi yana makovu. Dume mkubwa wa kindi utamjua kwa korodani kubwa zilizoning'inia. Ukishindwa kabisa kutambua, mhesabu kuwa mzee. Kinda akipikwa kama mzee atalainika mapema na utamwepua mapema, hakuna hasara. Mzee akipikwa kama kinda ndiyo yale yaliyokupata.

Siki nayo naona imepewa sifa isiyo yake. Asidi haipenyi nyama kwa kina. Inaishia milimita chache za juu, na hapo juu inavuruga protini mpaka nyama inamung'unyika, huku ndani pakibaki kama palivyokuwa. Yaani ulipata ubaya wa pande zote mbili. Chumvi ndiyo inayoingia ndani. Yeyusha gramu 50 za chumvi katika lita 1 ya maji baridi, zamisha vipande, weka kwenye friji saa 4 mpaka 6 kwa kindi, au usiku kucha kwa sungura. Chumvi hulegeza baadhi ya protini za msuli ili zishike maji hata kwenye moto, na wakati huo huo damu iliyoganda inatoka. Ukimaliza mwaga maji hayo, kausha nyama kwa kitambaa safi, na usitie chumvi nyingine mpaka umeonja mchuzi.

Kuhusu harufu, jikoni ni mahali pa kuipokea tu. Imeanza huko nyuma, na wa kuambiwa ni mume wako na shemeji yako. Mnyama mdogo akikaa na matumbo yake kwenye mfuko juani kwa nusu siku, hakuna kiungo kitakachomwokoa. Atolewe matumbo mapema iwezekanavyo, apoe haraka, na kama utumbo umepigwa risasi ukapasuka, nyama yote iliyoguswa na uchafu huo ikatwe na kutupwa, isisafishwe.

Halafu kuna manyoya. Manyoya makavu ya kindi yanapeperuka na kunata kwenye nyama, na huko ndiko mkojo na vumbi vilikokaa. Wamloweshe kwanza kwenye ndoo ya maji, na sabuni kidogo si vibaya, maana inapunguza na viroboto. Kisha wamlaze kwa tumbo, wainue mkia, na wakate upande wa chini wa mkia karibu kabisa na mkundu, wapite kwenye mfupa bila kukata ngozi ya juu. Kata kidogo kulia na kushoto kuelekea mapajani, ipatikane kama sentimita 3 za ngozi ya mgongo zilizoshikamana na mkia. Hapo anayechuna anakanyaga mkia, anashika miguu ya nyuma na kuvuta juu kwa nguvu moja isiyokatika. Ngozi yote ya mgongo na mikono ya mbele inavuka hadi shingoni. Inayobaki tumboni inavutwa kuelekea miguu ya nyuma. Akifanya hivyo manyoya hayagusi nyama, na wewe utaona tofauti siku hiyo hiyo ukifunua sufuria.

Akifika kwako, mpitishie jicho. Toa mafuta yoyote unayoyaona, maana harufu ya kile alichokula hukaa humo zaidi kuliko kwenye mnofu. Tazama makwapani, kwenye kinena na mgongoni karibu na kiuno: wanyama wengi wadogo wana vijitezi hapo, vya duara, rangi ya kijivu au nyekundu iliyofifia. Vitoe kwa ncha ya kisu bila kuvipasua. Ukikuta kifuko cha kijani kwenye ini, ndiyo nyongo; kata na kipande cha ini kinachoizunguka. (Njiwa hana kifuko cha nyongo, kwa hiyo ukimpasua usihangaike kukitafuta.) Mahali palipovilia damu penye jeraha la risasi pakate pote. Na papasa kwa kidole kutafuta vipande vya risasi au marisau (zile punje ndogo za risasi) yaliyobaki. Vinavunja meno, na kama ni vya madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Hapa siki, ndimu na nyanya vina ubaya wa pili: asidi huyeyusha madini hayo yakaingia kwenye mchuzi. Kwa hiyo kipande unachokishuku hakina mjadala, kitupe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba saa chache baada ya mnyama kufa misuli yake hukakamaa, kisha hulegea tena. Ukimpika akiwa amekakamaa atakuwa mgumu, na ukimtupa kwenye friza akiwa bado na joto atakuwa mgumu zaidi siku ya kumyeyusha. Akishasafishwa, mfunike kwenye friji, chini ya nyuzijoto 4, siku 1 au 2. Baada ya hapo ndipo apikwe au agandishwe.

Haya, tupike. Kindi mzima wa wastani, wale wa kijivu wa gramu 400 hadi 600, akishachunwa na kutolewa matumbo hubaki nusu yake au pungufu, na sehemu ya uzito huo ni mifupa. Hesabu kindi mmoja kwa mtu mzima mmoja. Mkate vipande 5: miguu miwili ya nyuma ambako ndiko kwenye nyama, mikono miwili ya mbele, na kiuno. Mbavu na shingo weka kando kwa ajili ya supu. Usimkate kwa shoka dogo au panga kama wanavyofanya wengine, mifupa yake ni membamba na inavunjika vibanzi vyenye ncha. Tafuta kiungo, pindua paja mpaka litokeze, pitisha kisu katikati.

Kausha vipande, pasha mafuta kwenye sufuria nzito, vikaange upande mmoja mmoja mpaka viwe vya kahawia iliyokolea. Usivijaze vyote kwa pamoja. Vikibanana vitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na utapoteza ladha ambayo hakuna kiungo kinachoirudisha. Vitoe. Kwenye mafuta yale yale tia vitunguu maji vingi, viive taratibu hadi vilainike, kisha saumu na pilipili manga. Kwangura chini ya sufuria kwa mwiko, rudisha nyama, mimina maji au supu ya mifupa hadi nusu ya kimo cha vipande. Nusu, isizidi. Nyama inayozama yote hutoa ladha yake yote majini. Funika.

Sasa moto. Hapa ndipo wapishi wazuri wanapoharibu. Ukisikia sufuria inatokota kwa kelele, moto ni mkubwa mno. Unachotaka ni kiputo kimoja kimoja kinachopanda na kupasuka polepole, joto la kama nyuzijoto 85 hadi 95. Kwenye joto hilo kolajeni inayeyuka sawasawa na misuli haichanwi. Kama una jiko la oveni, sufuria yenye mfuniko ikae ndani kwa nyuzijoto 150, itajiendesha yenyewe.

Usimtazame saa, mtazame mguu. Kwenye dakika ya 60 utaona nyama ya muundi imeanza kupanda juu, kichwa cha mfupa kinaonekana cheupe kikiwa hakijafunikwa na kitu. Bado. Choma paja kwa uma na uuzungushe kidogo: ukihisi uma unashikwa, funika uendelee. Akiwa tayari uma utazunguka bila upinzani na nyama itaachana kwa urefu wa nyuzi zake. Ndipo utie nyanya, kama unazitaka, dakika 20 za mwisho. Nyanya zikiingia mapema asidi yake inachelewesha vitunguu kulainika.

Sufuria ya presha inafupisha kazi hii yote. Ndani yake maji yanafika karibu nyuzijoto 120, na kindi mkubwa analainika kwa dakika 25 hadi 35 tangu ianze kupiga. Iache ishuke yenyewe. Ukiachia mvuke kwa ghafla maji yaliyo ndani ya nyama yanachemka na kuikausha. Mimi kwa kindi mmoja au wawili bado napenda sufuria ya kawaida, kwa sababu naweza kufunua na kujaribu. Wakiwa sita na watu wana njaa, presha haina mpinzani.

Na wale wanaotaka cha kukaanga? Wachemshe kwanza namna hii hii mpaka uma upite, wapoe ndani ya mchuzi wao, kisha wakaushe, wapitishe kwenye unga wenye chumvi na pilipili manga, na uwakaange dakika 3 au 4 tu wapate ganda. Kwa njia hii umri wa mnyama hauna tena maana, na kwa mtu asiyejua ameletewa mzee au kinda ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Sungura wako anakusumbua kwa sababu unampika kana kwamba ni nyama moja, kumbe ni mbili. Mapaja na mikono yamefanya kazi maisha yote na yanataka saa 1 na nusu au zaidi. Ile minofu miwili ya mgongoni haijafanya kazi kubwa, haina kolajeni ya kuyeyusha, na ukiipa saa nzima inageuka kamba. Itenge. Pika miguu kwanza, na ikibaki dakika 15 ndipo uongeze vipande vya mgongo vimalizie kuiva pamoja. Au uikate minofu vipande vidogo, uikaange kwa mafuta ya kutosha kwenye moto mkali, iive kabisa ndani lakini isikae. Hivyo tu.

Njiwa pori na kware wana mantiki hiyo hiyo kwa kipimo kidogo: kidari chembamba, moto mkali, dakika chache, miguu ikachemke na mifupa ya supu. Njiwa mzee mpike mzima taratibu kama kindi.

Kuhusu usalama nitakwambia bila kukutisha na bila kukudanganya. Nyama iliyoiva ni salama. Wasiwasi wangu uko kwa mikono ya anayechuna na kukata. Mwaka 1911 huko Tulare, California, watafiti waliokuwa wakichunguza tauni kwa kindi wa ardhini walikuta ugonjwa mwingine, na ndio ulioitwa tularemia. Sungura na jamii ya panya huubeba, na bakteria wake huingia kwa mchubuko mdogo tu wa kidole, au ukijisugua jicho. Tena mwaka 1985, katika Zaire ya wakati ule, virusi vya mpox vilipatikana kwa kindi mgonjwa. Kwa hiyo amri ya kwanza ni kwamba mnyama aliyeokotwa amekufa, aliyekuwa akipepesuka, asiyekimbia mtu, au mwenye vipele na vidonda, haguswi kwa mkono mtupu wala haingii jikoni kwako. Haijalishi amenona vipi.

Vaeni glavu mnapochuna na kukata, na watoto wakae mbali na kazi hiyo. Tazama ini na bandama vilivyo. Vikiwa na rangi moja nyekundu iliyoiva, vizuri. Vikiwa na vidoa vidogo vyeupe au vya njano vilivyotapakaa, tupa mnyama mzima kwa kumfukia, osha kisu, ubao na mikono kwa maji ya moto na sabuni. Usiseme utamgandisha ili vijidudu vife. Bakteria wa tularemia hukaa hai kwenye nyama iliyoganda. Kinachowaua ni moto. Nyama ifike nyuzijoto 74 kwenye unene wake karibu na mfupa, jambo ambalo mchuzi wa saa 2 unalipita mbali. Anayehitaji kuwa na kipimajoto ni yule anayekaanga haraka. Kwa nyama ya mawindo mimi sikubaliani na nyama nyekundu ndani, hata wapishi wa hotelini waseme nini.

Vivimbe vyeupe vyenye maji angavu, vilivyoning'inia tumboni mwa sungura, ni mabuu ya minyoo tegu katika hatua yake ya kati. Vinachukiza lakini havimdhuru mla nyama iliyoiva. Toa na ufukie, usimtupie mbwa, kwani mbwa ndiye anayekamilisha safari ya mnyoo huyo. Funza mnene aliyekaa chini ya ngozi naye hana neno, kata sehemu ile.

Ubongo usiupike. Mwaka 1997 madaktari wa Kentucky, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa watano wa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ule unaoharibu ubongo, ambao wote walikuwa wamewahi kula ubongo wa kindi. Haikuthibitishwa kwamba kindi ndiye chanzo, ila ugonjwa wenyewe hauna tiba, na kinachouleta ni protini iliyoharibika ambayo moto wa jikoni hauiwezi. Kwa kijiko kimoja cha ubongo, sioni faida ya kubahatisha.

Na mmoja wenu akipata homa ya ghafla ndani ya wiki 2 baada ya kuchuna, akawa na kidonda kidoleni au tezi zimevimba kwapani, aende hospitali na aseme wazi kwamba alichuna mnyama wa porini. Tularemia na tauni vinatibika kwa antibiotiki, mradi daktari ajue anatafuta nini.

Watoto wako wale, ila wewe uwatoe mifupa. Kindi akilainika sawasawa nyama inatoka kwa vidole: ichambue yote, ipitishe mikononi mara mbili ukitafuta vijifupa vya mbavu na marisau, kisha uirudishe kwenye mchuzi. Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, na kiliwe ndani ya siku 3. Nyama mbichi ukiigandisha, izamishe kwenye maji ndani ya chombo kabla ya kuifunika, maana vipande vidogo visivyo na mafuta hukaushwa na friza upesi sana.

Ukimpika yule anayefuata, anza mapema mchana. Ukianza jioni njaa itakufanya uepue kwenye dakika ya 40.